Saini ya Daktari Umulkheir

Punda hakusogea.

Rawiya alimwambia asogee. Alimwomba. Alimsukuma matakoni kwa mikono miwili, jasho likimtiririka chini ya ushungi. Punda alikuwa amebeba magunia mawili ya mchanga, moja kila ubavu, na magunia hayo yaligusa kuta za kichochoro huku na huku. Hapakuwa na nafasi ya kupita hata paka.

Mbele ya punda, hatua arubaini hivi, mwanamume mwenye fulana ya bluu alikuwa anakimbilia forodhani na diski ya kompyuta mkobani mwake.

"Bwana, mtoe punda wako!"

"Hatoki, Bi," akajibu Barka, mwenye punda, bila haraka yoyote. Alikuwa amemshikia mnyama wake karai la maji mdomoni. "Mngoje anywe. Haya ni mai ya Shela, matamu. Akinusa munyu, chumvi hata chembe, huyu hanywi, hata umuue."

"Nimngoje anywe? Nimngoje anywe!"

Rawiya akapanda baraza la nyumba ya watu, akakanyaga gunia la kwanza, akavuka mgongo wa punda, akakanyaga gunia la pili, akaruka. Buibui likanasa. Likachanika. Akakimbia.

Alipofika forodhani, boti ya kasi yenye injini ya Yamaha ilikuwa imeshakata maji kuelekea Shela. Fulana ya bluu ilikuwa imeketi nyuma. Haikugeuka hata kutazama.

Ilikuwa saa mbili na dakika kumi asubuhi. Ijumaa.

Rawiya alikuwa na miaka kumi na mmoja katika Idara ya Ujasusi. Alikuwa na Glock 19 mkobani, miwani ya Ray-Ban yenye kamera ndani ya fremu, na simu ya setilaiti ya Thuraya. Mama yake na Amu nzima, mji mkongwe wa Lamu, walimjua kama mwuzaji wa paneli za sola aliyerudi nyumbani kwa likizo. Vyote hivyo, na ameshindwa na punda.

Akaitoa Thuraya.

"Nanga, hapa Sindano."

"Sema, Sindano."

"Diski imekwenda."

Kule Nairobi kalamu ikawekwa mezani. Kisha: "Umempoteza vipi mtu kwenye mji usio na magari?"

"Punda."

"Rudia?"

"Punda, Mkuu! Punda aliziba njia!"

Nanga alikata simu. Hivyo ndivyo mkubwa wake anavyoonyesha huruma.

*

Maabara ambayo Idara ilimtuma Rawiya kuilinda ilikuwa ghorofa ya pili ya nyumba ya mawe karibu na soko. Kompyuta sita za Dell zilikuwa zikivuma juu ya meza ya mninga, na katikati yake amekaa Daktari Umulkheir Nabhan, mzawa wa kisiwa cha Pate, mtafiti wa uhandisi, uso umemkauka.

"Ni Hamdu," alisema kabla Rawiya hajaketi. "Fundi wangu mwenyewe. Miaka minne ananisomea vipimo vya visima na vya bahari. Ameniamkia asubuhi, ameniuliza habari za mama, kisha amechomoa diski na kutoka mbio."

"Kwenye diski kuna nini?"

"Vipimo asili. Namba zilivyotoka baharini, kabla hazijaguswa na mkono wa mtu."

"Na nakala?"

"Nakala niliyonayo ni ile aliyoniletea Hamdu."

Rawiya akatukana kwa Kiarabu, kisha akaomba radhi, kwa sababu Qur'ani ilikuwa rafuni.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Maji matamu ya Amu yanatoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Kampuni ya kigeni, Norvane, imefunga pampu kumi na mbili kubwa juu ya vilima hivyo, na leo saa saba mchana, watu wakiwa msikitini, zitawashwa. Mkataba unaanza kufanya kazi lita ya kwanza itakapotoka: miaka ishirini na mitano. Idara ilikuwa ikimfuata mkuu wa Norvane, Dirk Halloran, tangu alipofanya mchezo huohuo kwenye kisiwa cha nchi nyingine. Alivuta maji mpaka visima vikaingia chumvi. Kisha akaleta mitambo ya kusafisha maji ya bahari, akawa ndiye mmiliki wa kiu ya watu, akiwauzia kila tone.

Kitu kimoja tu kilimpa kibali cha Amu. Ripoti ya uigaji wa kompyuta, modeli inayobashiri maji yatakavyokuwa, yenye saini ya Umulkheir.

"Kwa nini ulisaini?" Rawiya aliuliza. Hakuuliza kwa upole.

"Kwa sababu modeli ilisema salama!" Umulkheir akapiga meza. "Unajua modeli yangu inafanya nini? Maji ya mvua yanashuka mchangani. Bahari inasukuma kutoka chini. Chumvi inasambaa ndani ya maji. Pampu inavuta, mchanga unajibana kwa uzito wake, vijinjia vya maji vinakuwa vyembamba. Ukilikokotoa jambo moja moja, kila moja litakwambia hakuna neno. Wale washauri wa Norvane walifanya hivyo. Mimi nayakokotoa yote pamoja, kwa sababu ni kama watu wanne kwenye mkeka mmoja. Mmoja akijivuta, wote wanasogea."

"Na ikasema salama."

"Miezi saba ilisema hapana. Mwezi uliopita, Hamdu alipoleta vipimo vipya, ikasema ndiyo. Nilikaa nayo siku tatu. Nilitafuta kosa kwenye hesabu zangu. Kosa halikuwapo. Nikasaini." Akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Kisima cha Shela ndicho kilichonilea niliposoma hapa, Bi Rawiya. Kikiharibika kwa saini yangu, nitakwenda wapi na uso huu?"

Rawiya akampigia Nanga. Nanga akasema hawezi kumwendea waziri kwa sababu ya fundi aliyekimbia na diski.

"Niletee namba," alisema.

"Namba zimeibiwa, Mkuu."

"Basi niletee nyingine."

*

Hapo ndipo ilipoanza adhabu.

Rawiya amewahi kulala siku mbili ndani ya tangi la maji, akimvizia mtu. Amewahi kuruka kutoka gari linalokimbia. Hakuna kilichomtesa kama ule mstari wa kijani kwenye skrini.

Umulkheir aliipa modeli vipimo vya miezi ya nyuma. Mstari ukaanza kutambaa. Asilimia kumi. Asilimia kumi na moja. Rawiya alikwenda dirishani akarudi. Asilimia kumi na moja.

"Haiwezi kwenda haraka?"

"Haiwezi."

"Hata kidogo?"

"Bi Rawiya, keti."

Akaketi. Asilimia thelathini. Asilimia hamsini na nane. Ilipofika sitini na moja, skrini ikawaka nyekundu: HESABU HAIKUTULIA.

"Maana yake nini hiyo?"

"Maana yake mambo manne yameshindwa kukubaliana, na modeli imekata tamaa." Umulkheir alichapa kurasa tatu za makosa, akazikagua, akazitupa mezani. "Vipimo vya zamani vina mapengo. Ni lazima nianze upya."

Akaanza upya. Umeme ukakatika.

Betri zilishika. Feni haikushika. Joto likaingia ndani kama mgeni asiyebisha hodi, na kompyuta zikaanza kupiga kelele. Rawiya aliutazama ule mstari, kisha akautazama mkoba wenye bastola, na wallahi, kwa dakika moja aliona mantiki ya kuipiga Dell risasi.

Saa tano na nusu. Simu yake ya kawaida ikalia. Alikuwa mama yake, Bi Shifa.

"Rawiya, uko ndia gani, uko wapi?"

"Kazini, mama."

"Kazini siku ya Ijumaa! Haya. Kesho ni mwezi kumi na tatu. Utafunga nami siku nyeupe zote tatu, mpaka mwezi kumi na tano, au umeshakuwa mtu wa Nairobi?"

"Nitafunga, mama. Nina haraka."

"Haraka, haraka. Basi safari hii futari tutanunua mapema, si saa kumi. Umesahau mwezi uliopita? Ile siku ya mwisho ya kufunga, mai yamepanda ngazi za forodhani mpaka yakanirowesha buibui lote. Bamvua lile! Nimetembea mjini kama mtu aliyetoka kuvua kamba."

"Sijasahau, ma..."

Rawiya akasimama.

Ukutani, juu ya kompyuta, palibandikwa mchoro wa vipimo vya bahari vya mwezi uliopita, ule aliouleta Hamdu. Mstari wa maji ulipanda na kushuka, ukapanda na kushuka. Katikati yake palikuwa na siku tano ambazo ulitikisika kidogo tu, kama pumzi ya mtu aliyelala.

"Nitakupigia, mama." Akakata. "Daktari. Siku tano hizi ni zipi?"

Umulkheir akasogea. "Kuanzia Jumamosi ya juma la tatu. Maji mafu. Yanajaa kidogo na kupwa kidogo. Ni kawaida, huja mara mbili kwa mwezi."

"Mwezi ulikuwa wa ngapi?"

"Juma la tatu la..."

"Si mwezi wa ofisini. Mwezi wa juu!"

Umulkheir alisukuma kiti nyuma. Akachukua simu yake, akatafuta kalenda ya Hijria.

"Jumamosi ilikuwa mwezi kumi na tano," alisema polepole.

Mtu yeyote wa Amu, awe mvuvi au mwuza kashata, anajua mwezi ukikamilika bahari inakuja na bamvua. Maji yanajaa mpaka ngazi, saa kumi alasiri, yanapwa mpaka matope yaonekane ng'ambo. Maji mafu mwezi kumi na tano hayajawahi kutokea tangu kuumbwa bahari. Hamdu alizikata siku za bamvua, siku ambazo bahari inasukuma chumvi kwa nguvu zake zote, akabandika pahali pake juma la maji mafu. Aliyemtuma alijua kompyuta. Hakujua mwezi.

"Lahaula," Umulkheir alisema. Kisha akacheka kicheko kibaya, cha hasira tupu. "Nilikuwa nimefunga! Ile Jumamosi nilikuwa nimefunga siku nyeupe, Bi Rawiya! Nimeketi hapa na saumu yangu, naitazama bahari iliyokufa kwenye skrini, na dirisha liko pale. Mtoto wa Pate mimi! Sikuinua uso!"

*

"Mwezi?" Nanga aliuliza kwenye Thuraya. "Unataka nimwambie waziri habari za mwezi?"

"Mkuu, ni bamvua. Mwulize mtu yeyote wa pwani."

"Waziri si mtu wa pwani." Karatasi zikachakarika Nairobi. "Modeli itamaliza lini ikipewa bamvua lake?"

"Daktari ameshaanza, kwa bamvua la miezi ya nyuma. Saa nane."

"Pampu ni saa saba."

"Najua pampu ni saa saba!"

"Usinipigie kelele, Sindano. Sikiliza. Nimesoma mkataba. Aliyesaini ripoti akiiondoa saini yake kabla ya lita ya kwanza, kibali kimekufa. Lakini ni kwa barua. Wino na muhuri, mkononi mwa afisa wa maji anayeshuhudia pale kilimani. Picha ya simu haikubaliki."

Rawiya alimgeukia Umulkheir. Hakuwa na haja ya kueleza. Sauti ya Nanga ilisikika chumba kizima.

Umulkheir aliutazama mstari wa kijani. Asilimia tisa.

"Miaka kumi na sita," alisema, "sijaandika neno moja kabla hesabu haijaisha. Nikiandika sasa, na modeli ikaja kusema vingine, nimekwisha. Na isiposema vingine, nimekwisha vilevile, maana nitakuwa mtu aliyesaini uongo."

"Ndiyo," Rawiya alisema. Hakuwa na la kumdanganya.

Umulkheir akavuta karatasi. Akaandika mstari mmoja, akaukata. Akaandika mwingine, akaikunja karatasi nzima na kuitupa. Dirishani palisikika mtu akijaribu kipaza sauti cha msikiti. Karatasi ya tatu aliiandika yote bila kuinua kalamu, akatia saini, akafungua mtoto wa meza kuchukua muhuri.

Mtoto wa meza alikuwa amefungwa.

"Ufunguo?"

"Anao Hamdu."

Rawiya alimpiga yule mtoto wa meza teke moja, mbili, tatu. Mninga wa Lamu si mbao za mzaha. Alimvunja kwa nondo ya dirisha, dakika kumi na tano, na kila dakika akimtaja Hamdu na ukoo wake. Muhuri ukagongwa saa sita na robo.

Akakimbia.

Forodhani boti zilikuwapo. Mabaharia hawakuwapo. Ijumaa! Wote walikuwa msikitini, kanzu safi, viatu mlangoni. Rawiya akaingia kwenye boti ya kwanza yenye Yamaha. Kipini cha usalama cha injini, mwenye boti alikwenda nacho kuswali. Akachomoa kibanio cha nywele, akakichomeka pahali pake, akavuta kamba.

Haikuwaka.

Akavuta tena. Ikakohoa. Akavuta mara ya tano huku akiiahidi ile injini mambo ambayo hayaandikiki. Ikawaka.

*

Hamdu alikuwa anamngoja ufukweni Shela, fulana ileile, mkoba uleule begani. Mkononi alishika kisu cha kuchunia samaki.

"Barua, Bi."

"Barua gani?"

"Daktari amenipigia simu kunilaani. Hajui kulaani bila kueleza." Alikuwa anahema. "Nipe. Sitaki kukuumiza."

Rawiya akatia mkono mkobani, akatoa bahasha ya kaki, akaiinua. Hamdu akairukia kama paka. Akaichana hapohapo, vipande vipande, akavitupa majini.

Zilikuwa kurasa tatu za makosa ya kompyuta. HESABU HAIKUTULIA.

Alipoinua uso, Rawiya alishamkaribia. Kiwiko kooni. Goti tumboni. Kisu kikaanguka mchangani, Hamdu akakifuata. Rawiya akamfunga mikono na miguu kwa kamba za plastiki, akamchukulia mkoba, akaufungua. Diski ilikuwemo, imefungwa ndani ya leso.

"Walikuahidi nini?" aliuliza.

Hamdu aligeuzia uso mchangani. Alikuwa analia.

"Mama yako anakunywa maji ya wapi, Hamdu?"

Rawiya akautia mkoba begani, akamwacha hapo.

Saa ya Garmin mkononi mwa Rawiya ilisoma saa sita na dakika thelathini na tisa. Mbele yake kilisimama kilima cha mchanga, cheupe, kinachochoma. Ukipanda hatua mbili unarudi moja. Alivua viatu. Mchanga ukamuunguza nyayo, akavaa. Viatu vikajaa mchanga, akavua tena. Alipanda akilia kwa hasira, na hakuona haya, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumwona.

Kileleni palikuwa na hema jeupe, mabomba ya bluu, na pampu kumi na mbili zimepangwa kama jeshi. Halloran alisimama mbele ya kisanduku cha swichi, shati la kitani, saa ya Rolex. Kando yake, kwenye kiti cha plastiki, alikaa Bwana Mohdhar, afisa wa maji, mzee mwenye kofia ya vito, iliyodariziwa kwa mkono, na daftari la ushahidi.

"Dada, hapa ni mahali pa kazi," Halloran alisema kwa Kiswahili chake cha shuleni.

Rawiya hakumjibu. Aliingiza mkono chini ya ushungi, akafungua pini, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, imelowa jasho, wino u mzima.

"Bwana Mohdhar. Amana yako."

Bwana Mohdhar akaipokea. Akatafuta miwani. Mfuko wa kulia haimo. Mfuko wa kushoto haimo. Saa sita na dakika hamsini na tano. Rawiya alitaka kupiga mayowe.

"Iko juu ya kofia, Bwana."

"Ah! Shukran, mwanangu."

Halloran alishaelewa. Mkono wake ukaenda kwenye swichi ya kijani. Ukakuta kiganja cha Rawiya kimeshaifunika. Na mbele ya kiganja kingine, usawa wa kiuno, palikuwa na mdomo wa Glock.

"Kidole kimoja tu," alisema Rawiya. "Jaribu. Leo sina subira hata chembe. Isome kwa sauti, Bwana Mohdhar."

Mzee akasoma, polepole, kama anayesoma khutba.

"'Mimi, Umulkheir binti Nabhan, naondoa saini yangu. Nilikosea. Vipimo nilivyotumia vilifutwa bamvua la mwezi kumi na tano, na mimi, mzawa wa Pate, niliamini skrini na sikutazama dirishani. Hesabu mpya haijaisha. Siingoji. Bahari haikosei tarehe.'"

Akakunja karatasi. Akamtazama Halloran kutoka juu mpaka chini.

"Mwezi kumi na tano," alisema, "mai yalifika kwenye mlango wangu. Nilihamisha magunia ya mchele. Na wewe umeniletea karatasi inayosema bahari ilikuwa imelala?" Akafungua daftari, akaandika, akaangalia saa. "Saa sita na dakika hamsini na nane. Kibali hakipo."

"Huu ni upuuzi," Halloran alisema. "Mwezi?"

"Mwezi," alisema Bwana Mohdhar, na akachomoa ufunguo wa swichi, akautia mfukoni mwa kanzu.

Watu wa Idara walipanda kilima dakika ishirini baadaye, wanahema, wamevaa viatu vya Nairobi. Walimchukua Halloran, na Hamdu kule ufukweni. Rawiya akawakabidhi diski. Hakuna aliyemshukuru. Nanga alituma ujumbe wa maneno mawili: "Ripoti kesho."

Saa nane na dakika tatu simu ikalia.

"Imemaliza," Umulkheir alisema. "Imetulia vizuri kabisa. Siku kumi na tisa, Bi Rawiya. Siku kumi na tisa za pampu, na chumvi iko kisimani. Kuitoa ni miaka sitini."

"Umewahi, Daktari."

"Nimewahi. Na waandishi wa habari wameshanipigia mara mbili." Akavuta pumzi. "Nimewaambia waje Jumatatu. Nitawaonyesha kila kitu, na saini zote mbili. Sasa nataka kulala."

*

Rawiya alirudi Amu kwa boti ileile, akairudisha pahali pake, akaacha kibanio cha nywele kwenye injini kwa sababu kilikataa kutoka. Akavaa Ray-Ban. Akashika njia ya kwao, buibui limechanika, mchanga viatuni, uso kama wa mtu aliyetoka kuuza paneli mbili za sola.

Kwenye kichochoro karibu na nyumba yao alimkuta Barka. Na punda. Magunia mawili, moja kila ubavu, kuta huku na huku.

"Samahani, Bi," Barka alisema, akimkumbuka, akijikunyata kidogo. "Nimemtilia mai sasa hivi tu. Nimtoe?"

Punda alinusa karai. Masikio yakasimama. Akanusa tena.

Kisha akainamisha kichwa, akanywa.

"Mwache," Rawiya alisema.

Akaegemea ukuta, akakunja mikono, akangoja mpaka karai likaisha.